Mtihani Wenye Uso wa Mtu

Siku habari ile iliponifikia nilikuwa Kidete, nimembana mbuzi katikati ya magoti, sindano ya chanjo mkononi. Simu ikatetemeka mfukoni. Kule mtandao huja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo nilimaliza kumchanja, nikamwachia, nikapanda tuta la reli ambako simu hushika vizuri. Ilikuwa barua pepe ya chuo kikuu cha ng'ambo nilikoomba kusoma shahada ya uzamili ya afya ya mifugo. Wamenikubali! Nilisoma mara tatu, nikacheka peke yangu juu ya lile tuta mpaka wenye mbuzi wakaniuliza kulikoni.

Kulikuwa na sharti moja. Nilete cheti cha kuonyesha kwamba najua Kiingereza, na wangepokea cheti cha mtihani wowote kati ya mitatu. Nichague mwenyewe.

Kiingereza nilikuwa nacho, ila kiliishi kwenye karatasi. Ripoti zangu za kila mwezi naziandika kwa lugha hiyo, na dawa za ng'ombe nazijua kwa majina hayo hayo ya kwenye chupa. Lakini kufungua mdomo nikiongee, hiyo ilikuwa nadra. Kazi ya bwana mifugo ni Kiswahili kutwa, na nikifika kwenye maboma ya wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa naongeza maneno machache ya Kisukuma, ambayo huyakosea na wao huyacheka kwa upendo.

Jioni nilimwonyesha mke wangu ile barua, barazani kwetu Kilosa. Yeye ni fundi cherehani, na hana haraka na jambo lolote linalohitaji kupimwa. Aliisoma yote, kisha akafungua kurasa za mitihani moja baada ya nyingine.

"Huu unaufanyia hapa hapa nyumbani, kwa intaneti," akasema. "Huu unakwenda Dar es Salaam, unakaa mbele ya kompyuta, unaongea na kipaza sauti. Na huu nao ni Dar es Salaam, ila sehemu ya kuongea unakaa na mtu."

"Wa nyumbani," nikasema hapo hapo. Ofisini kwetu kila niliyemuuliza alisema huo ndio mwepesi, na majibu yake hayakawii.

"Jaribu kwanza," akasema mke wangu. "Kuna wa mazoezi hapa."

Basi Jumamosi asubuhi nikajifungia sebuleni na laptop ya kuazima. Masharti yalikuwa makali. Uwe peke yako chumbani, usiangaze macho pembeni, usiongee na mtu, kamera inakutazama muda wote. Ukivunja sharti mtihani wako unafutwa. Mke wangu alikaa mlangoni na cherehani yake kama askari.

Dakika kumi za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha mke wangu akaenda jikoni kuepua chungu, na dakika hiyo hiyo jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, akaingia uani. Nyumba ya bwana mifugo haina mlango wa kufungwa, watu wamezoea kuja wakati wowote na mgonjwa wao. Alibeba kuku kwapani.

"Hodi! Bwana mifugo, upo?"

Nikakaza macho kwenye skrini. Nikajiambia huu ni mtihani, nyamaza. Lakini pazia likafunuliwa, na uso wake ukatokeza pale ukinitazama, umejaa wasiwasi wa kuku. Kumtazama mama yule nisimsalimie nilishindwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu hajala tangu jana."

Nilipogeuka, laptop ilikuwa imeandika maneno mekundu kwamba sauti nyingine imesikika. Mke wangu aliporudi alinikuta nimempakata kuku, namkagua koo, na mtihani umekwisha. Alicheka mpaka akakaa chini. Yule mama alipoelewa alichokifanya alitaka kuniomba radhi, ila naye kicheko kikamzidi. Kuku alikuwa na uzi umemnasa kooni, nikautoa, akaenda zake akitetea.

Wa nyumbani tukaufuta. Haukuwa na kasoro, ila nyumba yetu na huo mtihani havipatani.

Wiki iliyofuata nikapanda gari la asubuhi kwenda Mikumi kwa mdogo wangu wa kike. Yeye ni mwongoza watalii, na Kiingereza anakiongea kama anavyopumua. Hakukipata darasani kama mimi, alikipata humo humo kazini akiwaeleza wageni tofauti ya nyayo za fisi na za chui. Nilimlipia shule zamani, nikamsimamia madaftari yake kwa ukali. Safari hii mwanafunzi nilikuwa mimi, na hilo lilimfurahisha kupita kiasi.

"Kaa hapa kaka," akaniambia, akinifungulia mazoezi ya ule mtihani wa kompyuta. "Ukisikia mlio, ongea. Sekunde arobaini na tano tu."

Mlio ukalia. Nikakohoa, nikaiambia mashine habari za asubuhi, nikaishukuru kwa nafasi hii, nikaiambia natumaini u mzima. Nilipofika kwenye swali lenyewe mlio wa pili ukalia.

Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. "Kaka, umeisalimia!"

"Sasa nitaanzaje kuongea bila salamu?"

Tukarudia. Mara ya pili nilikaa kimya sekunde thelathini nikitafuta neno. Mara ya tatu niliongea haraka kama ninayefukuzwa. Kila nilipotaka kujua kama nimeeleweka, mbele yangu palikuwa na kioo tu na saa inayohesabu kurudi nyuma. Nikaanza kuvunjika moyo. Nikamwambia pengine chuo chenyewe hakikuwa riziki yangu.

Alinichukua hadi kwenye nyumba ya wageni anayofanyia kazi, akanikalisha kwenye meza ya mama mmoja wa kizungu aliyekuwa akinywa chai. Akamwambia kwa Kiingereza, "Huyu ni kaka yangu, anatibu ng'ombe," kisha akatuacha.

Yule mama, kumbe, alikulia shambani kwao kwenye ng'ombe wa maziwa. Akaniuliza kupe wa kwetu wakoje. Nikamweleza. Akauliza wafugaji wanaogesha ng'ombe mara ngapi. Nikamweleza na hilo, nikamchorea josho la kuogeshea kwenye karatasi ya kufutia mikono. Pale nilipokosa neno nilionyesha kwa mikono, naye akanipa neno, nikalichukua nikaendelea. Nilipotazama, chai yangu ilikuwa imepoa kabisa na mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Umeongea nusu saa," akasema. "Mtihani wako ni ule wa kukaa na mtu."

Nilijua amesema kweli. Mimi huongea na macho ya mtu. Akiinua nyusi naeleza upya, akitikisa kichwa naendelea. Siku hiyo hiyo nikakiandikia chuo kuhakikisha mtihani huo na alama wanazotaka, wakajibu kwamba wanaupokea. Nikachagua tarehe.

Miezi miwili ya maandalizi ilikuwa ya furaha ambayo sikuitarajia. Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti kila asubuhi kutoka Mikumi, kwa Kiingereza kitupu: leo tembo wamefunga barabara, leo mgeni amepoteza kofia yake kwa nyani, leo magari ya miwa ya kwenda Kidodi yamepita mengi. Nilimjibu nikiwa njiani kwenye pikipiki, nimesimama kando. Mke wangu alinipimia muda kwa simu huku akikata vitambaa. "Dakika mbili zimeisha," husema, "na hujafika kwenye jambo lenyewe." Nilijifunza kufika mapema.

Siku ya mtihani nilishuka treni Dar es Salaam nikiwa na shati aliloshona yeye. Kusikiliza, kusoma na kuandika vilikwisha salama, kisha nikaitwa kwenye chumba kidogo. Mtahini alikuwa baba wa makamo, miwani puani. Nikamsalimia, akaniitikia. Moyo ukatulia.

Akanipa kadi. Nieleze wakati niliomsaidia mtu.

Nikamweleza asubuhi moja Mvumi, nilipoitwa kwenye boma la mzee mfugaji. Ng'ombe wake alikuwa akihangaika kuzaa, na ndama alikuja mguu mmoja tu, wa pili umekunjika ndani. Nikamweleza nilivyovua shati, nikaosha mkono kwa sabuni, nikaupaka mafuta ya kupikia ya mke wa mzee, nikamrudisha ndama nyuma taratibu mpaka nikaupata ule mguu. Nilisahau kwamba niko kwenye mtihani. Mkono wangu ulikuwa hewani, umezama ndani ya ng'ombe asiyeonekana, na mtahini alikuwa ameacha kuandika. Nilipofika pale ndama alipotoka lakini hapumui, mtahini akainua kiganja. Muda umeisha.

Akatazama karatasi yake, akanitazama mimi.

"Na ndama?" akauliza.

"Nilimtekenya puani kwa jani," nikasema. "Akapiga chafya."

Akacheka, akaandika kitu, tukaingia kwenye maswali mengine.

Majibu yalikuja nikiwa hapo hapo Mvumi, siku ya kuogesha. Foleni ya ng'ombe ilikuwa ndefu, vumbi limetanda, nami nilikuwa nimelowa dawa ya kupe hadi magotini. Nilifuta kidole kwenye suruali nikafungua simu. Chuo kilitaka alama sita na nusu kati ya tisa. Kwenye kuongea nilikuwa na saba na nusu, na wastani wa sehemu zote nne ni saba.

Nilipiga kelele. Ng'ombe wa mbele akashtuka akajitosa kwenye josho, wa nyuma wakamfuata, maji yakaturukia sote. Wafugaji wakanikimbilia wakidhani nimepigwa teke. Nilipowaambia nimefaulu mtihani wa Kiingereza, nakwenda kusoma, akina mama wakapiga vigelegele na mzee mmoja akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikampigia mke wangu. Nilisikia cherehani ikisimama. Kisha naye akapiga vigelegele, virefu, mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio ili wote wasikie.

Mdogo wangu alikuwa porini na wageni. Nikamwachia ujumbe wa sauti kwa Kiingereza, mrefu kuliko yote niliyowahi kumtumia.

Nikanywa maziwa yale mpaka yakaisha. Bado kulikuwa na ng'ombe kama sitini kwenye foleni, na jua lilikuwa linapanda. Nikakunja upya mikono ya shati, nikarudi kwenye josho.