Bakuli Lisilorudi Tupu

Mama alianza kumshuku kaka yangu kwa sababu ya bakuli la halua.

Kaka alikuwa Ufaransa, katika mji mdogo wa kale, akisomea ukarabati wa majumba ya mawe. Alikwenda mwanzoni mwa miaka ya tisini, akamaliza masomo, akapata kazi hukohuko. Kila akija kwetu Ibra, Omani, kututembelea alisema mwakani anarudi moja kwa moja. Alituambia kapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Mama, mzaliwa wa Unguja mjini, akajaza halua ya Nizwa katika bakuli lake la kauri, ampelekee mwenye nyumba.

Mwaka uliofuata bakuli likarudi na jamu ya tini. Halua ikaenda tena, bakuli likarudi na lozi. Mara ya tatu lilikuja na biskuti za siagi, zimefunikwa kitambaa kilichotariziwa maua.

Mwengine angefurahi. Mama alilipakata lile bakuli kama hakimu mwenye ushahidi. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukikosa cha kutia, unatia hata sukari. Mambo hayo mtoto wa kike hufundishwa na nyanya yake, na mama hakukubali kwamba Mzungu kayaokota njiani.

"Huyu kafundwa na nani?" akamuuliza kaka.

"Hakufundwa na mtu, mama. Wallahi ni ajuza, kesha kula chumvi nyingi."

"Na ajuza ana macho ya kutarizi hivi?"

Kaka alicheka, lakini alicheka huku akitazama mlango. Hapo na mimi nikaingiwa na wasiwasi.

Tangu siku hiyo mama alizipekua picha alizotuletea. Palikuwa na daraja la mawe, mnara wa kanisa, nyumba zilizobanana zenye madirisha ya buluu. Mama hakushughulika na kanisa. Alichunguza kamba za nguo kwa kioo cha kukuzia cha marehemu baba. Siku moja akaniita jikoni.

"Hizi soksi za nani? Mbona ndogo?"

Nikamwambia ni vibanio vya nguo.

"Vibanio havina visigino," akasema.

Si mke wa siri aliyemwogopa, aliniambia wazi. Aliogopa kwamba mwanawe ana nyumba ambayo yeye, mama yake, hawezi kuipigia hodi. "Mtu akikuficha mkewe," alisema, "siku moja atakuficha na kaburi lake." Nilimtetea kaka, ila maneno yale yalinikaa rohoni.

Miaka ya elfu mbili ilipoingia, mama akatangaza safari. Kaka akasema kwenye simu kwamba huko kuna baridi.

"Nimelala mlimani Jabal Akhdar kwa blanketi moja," mama akajibu. "Tupokee."

Mji wenyewe ulikuwa juu ya kilima. Wazee waliokaa kwenye benchi chini ya lango la kale walikatisha mazungumzo tulipopita. Pazia likasogea ghorofani, mbele kidogo likasogea jengine. Mama, na buibui lake, hakushtuka.

"Ndivyo Ibra walivyotutazama tulipotoka Unguja," akasema. "Wakatuuliza kama tunajua kuswali."

Mwenye nyumba alikuwa ajuza kweli, mgongo umepinda, miwani mizito. Nilimwonea mama haya kwa shuku zake zote zile. Mama akamkabidhi bakuli limejaa halua. Ajuza akambusu mashavu yote mawili, akasema maneno mengi sana.

"Anasema ahsante," kaka akatafsiri.

Mama akanitupia jicho. Ahsante gani ndefu hivyo?

Ajuza akaingia jikoni, akalitoa bakuli halua na kulisuuza, akarudi nalo. Ndani mlikuwa na soksi za mtoto za sufu nyekundu, mpya, pea mbili. Akampa mama kwa mikono miwili, akimwonyesha kwa vidole ukubwa wa mguu. Alidhani tunajua. Kumbe mke wa kaka alikuwa mjukuu wake, na kwa miaka kadhaa bibi yule alikuwa akituma bakuli kwa wakwe wa mjukuu wake.

Kaka akakaa chini sakafuni, mbele ya mama.

"Nikaha tulifunga, mama, kwa shekhe na mashahidi. Niliogopa utaniambia nichague."

"Mtoto ana umri gani?"

"Miaka minne. Nimempa jina lako."

"Muongo," mama akasema. "Mlete. Nitamwita mwenyewe, tuone kama ataitika."

Hakuwa mbali. Alikuwa nyumba ya pili, nyuma ya mojawapo ya mapazia yaliyosogea. Akaingia ameshikwa mkono na mama yake, macho ni yaleyale ya baba yetu. Mama alikuwa bado amepakata bakuli. Akaita jina lake mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayepiga hodi asijue kama kuna wenyewe.

Mtoto akainua kichwa, akaitika kama walivyofunzwa kuitika watoto wa kike wa Unguja zama za utoto wa mama:

"Abee."