Rasimu ya Chiriku

Kabla hajawa mama wa mtu alikuwa Chiriku. Ndivyo wenzake wa bendi walivyomwita, kwa sauti yake nyembamba na mdomo usiojua kupumzika. Alirekodi nao santuri moja tu, akiitikia, kisha akaolewa, akazaa mabinti wawili, akaweka cherehani barazani. Kwenye jalada la santuri ile jina lake halikuandikwa. Kwa miaka arobaini alilifanya jambo hilo mzaha: "Mimi ndiye yule 'na wengineo'."

Binti yake mdogo alikuwa msanifu wa kurasa za mtandao. Kazi yake ilikuwa kuamua kitufe kikae wapi na kiitweje ili mtu asipotee. Alifanya kazi kwenye hazina ya muziki ambayo mtu yeyote angeweza kuingia na kuongeza alijualo: nani alipiga gitaa, wimbo ulirekodiwa lini. Siku alipomweleza mama yake, mama aliacha kushona.

"Basi kitinda mimba wangu, niingize na mimi."

"Jaribu mwenyewe kwanza, mama, si vigumu. Ukikwama nitakuja Jumamosi."

Jumamosi ilikuja na mambo yake, na iliyofuata vilevile. Mama aliuliza mara moja, akauliza tena, halafu akanyamaza. Binti akadhani limekwisha. Mwaka uliofuata mama alifariki kwa presha, asubuhi, gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano.

Miezi minane baadaye ofisi iliamua kuurekebisha ukurasa wa kuhariri, maana malalamiko yalikuwa hayaishi. Kazi akapewa yeye. Akamwomba programa wao, kijana aliyeandika mitambo ya ukurasa huo, orodha ya taarifa zote zilizoanzwa zisifike popote.

"Zipo elfu sita na ushee," programa alisema. "Watu wavivu."

Hawakuwa wavivu. Ukurasa ulikuwa na vitufe viwili. Chini palikuwa na "Hifadhi", kikubwa, cha kijani. "Wasilisha" kilijibanza juu pembeni kwa herufi za kijivu. Watu walibonyeza cha kijani, wakasoma "Imehifadhiwa", wakaenda zao wakidhani wamemaliza, kumbe taarifa imebaki rasimu tu, haijatumwa.

Alizisoma rasimu moja moja, aone watu wanakwama wapi. Adhuhuri alifika kwenye moja iliyoandikwa na Chiriku. Penye mwitikiaji palikuwa na majina matatu kamili ya mama yake. Kwenye kisanduku cha maelezo: "Mimi ni sauti ya pili, nilisimama upande wa kulia. Binti yangu yuko kazini hapo hapo, mnaweza kumuuliza. Asanteni, ninasubiri." Rasimu ilikuwa imefunguliwa mara kumi na nne.

"Una nini?" programa aliuliza.

"Mama yangu."

"Si umpigie basi," akasema yule kijana, asijue.

Msanifu akatoka nje akampigia dada yake.

"Alijua wamemkataa," dada alisema alipoelezwa habari ya rasimu. "Kila mara anafungua, anaangalia, hamna. Nikamwambia tukuulize. Akasema, 'Mwache mdogo wako, usije ukamwaibisha kazini kwake.'"

Msanifu alikaa kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akamletea kiti. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini mjukuu hulala. Yale yake hayakulala.

Aliporudi kazini alifuta vitufe vyote viwili, akaweka kimoja: "Tuma". Chini yake akaandika: "Ukibonyeza hapa, taarifa yako inafika kwa wahakiki. Utajibiwa ndani ya siku saba." Kikaoni mkuu wake alikunja uso.

"Maneno mengi. Watu hawasomi."

"Wanasoma," alijibu. "Wanasoma kila neno, tena wanatuamini." Mkuu akapitisha.

Rasimu ya mama aliituma kama ilivyo, bila kugusa nukta. Yeye kama ndugu hakuruhusiwa kuithibitisha, na mhakiki alitaka shahidi. Alimtafuta mpiga ngoma wa bendi ile, mzee ambaye peke yake kati yao alikuwa bado hai.

"Kulia, ndiyo," mzee alisema kwenye simu. "Mimi nilikuwa nyuma yake. Alikuwa ananikanyagia waya wa maikrofoni. Hajambo lakini?"

Ikabidi amwambie.

Ndani ya mwezi mmoja, rasimu zaidi ya elfu mbili zilitumwa na wenyewe. Wenzake walimpongeza, mkuu akamshika mkono. Alishukuru, akarudi mezani.

Siku hiyohiyo dada yake alipiga. Simu ya mama alikuwa akiiweka chaji, kwa ajili ya wateja wa nguo.

"Imelia sasa hivi. Ujumbe. 'Hongera, Chiriku. Mchango wako umekubaliwa.'" Akavuta pumzi. "Niwajibu nini?"

"Hauhitaji jibu, ule unajituma wenyewe," alisema kwa mazoea ya kazi. Hakuna aliyekata simu.