Somo la Woga la Léontine Chassaing

Hebu mwone Léontine Chassaing, dobi wa kijiji, akifika barabarani katikati ya mashamba ya ngano, mikono imebabuka kwa sabuni. Mbele yake anarukaruka bintiye Ginette, wa miaka sita. Leo wanaingia kwenye sinema! Mwaka ni 1951. Watu wa Paris wamekuja kupiga picha ya ile Juni ya vita, mwaka 1940, wakimbizi wakiwa njiani na ndege zikiwamiminia risasi. Waigizaji ni wanakijiji wenyewe.

King'ora kilipolia mara ya kwanza, watu wazima walijitupa mtaroni kabla hata hawajaambiwa. Gaspard mwoka mikate aliibuka na matope mpaka masharubuni. Watoto, waliozaliwa vita vikiisha, walibaki wamesimama wakishika mbavu kwa kicheko.

"Babu Gaspard kageuka bata!" Ginette akapiga kelele.

"Cheka tu, we kinyago!" Gaspard akajibu, lakini macho yake yalikuwa bado angani.

Wakarudia mara sita. Mara sita watoto wakacheka. Mwongozaji, Bwana Lacaze, akamvuta Léontine kando.

"Mama, mtoto wako ana uso ninaoutaka. Mwambie kitu aogope. Wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, bwana."

"Basi fanya hima, jua linashuka. Akishindwa, nafasi nampa mwingine."

Alikuwepo, ndiyo. Hapo hapo, miaka kumi na moja nyuma, alimwachia mkono mwanawe Rémi akamwambia, "Kimbia mtaroni!" Mtoto akakimbia. Risasi zikamkuta njiani. Ginette hakuwahi kusikia kwamba alikuwa na kaka. Wazazi wake walikubaliana akue bila maiti ndani ya nyumba.

Lakini kile kicheko, mahali pale! Léontine akamwita Ginette. Akachuchumaa, akamnong'oneza bintiye yote.

King'ora kikalia. Ginette akaachama bila sauti, kisha akapiga yowe lililowafanya wanawake mtaroni wazibe masikio.

"Safi kabisa!" Lacaze akashangilia. "Huyo ndiye mtoto wa vita!"

Wakati wa kurudi nyumbani, Léontine akamnyooshea mkono. Ginette akaficha wake nyuma ya mgongo.

"Na mimi utaniachia, mama?"

Léontine akaushusha mkono wake. Wakaenda hivyo, kila mtu upande wake wa barabara.

Mwaka uliofuata watu wa Paris walilia kwenye viti vya sinema, na huenda nawe ungelia. Lakini niambie, mwenzangu: ungekuwa wewe, ungemwambia, au ungemwacha aendelee kucheka pale alipoanguka kaka yake?