Ikizimika, Iwake Tena

Fundi wa kompyuta wa ushirika wetu wa maziwa hapa Kianjokoma huandika kwa vidole viwili, akinong'ona kila mstari kwa Kiembu kabla ya kuuandika. Faili zake huiambia mashine ni programu gani ianze stima ikirudi, na ipi ingoje nyingine. Ile ya mizani huanza kwa sauti ya mkewe, Mama Kobia, iliyorekodiwa alipokuwa karani hapa kabla ya kwenda Qatar. Huu mwaka wa tatu hajarudi.

Jana nilimwambia, "Fundi, weka sauti ya karani mpya." Akafungua faili, akasoma mstari unaosema ikizimika iwake tena, akaifunga bila kugusa kitu. Stima ikapotea, ikarudi. Akavua kofia.

"Umeamka? Mizani iko tayari," spika ikasema.

"Nimeamka, Mama Kobia," akajibu polepole.