Baba Wawili, Insha Moja

Saa nane mchana, mafundi wa jua kali wa Kariobangi wanagonga mabati kiasi kwamba ndani ya saiba hii ya intaneti, orofa ya pili, ni lazima mtu apaze sauti. Selpher Nalianya amevuta kiti karibu na msichana mwenye sweta ya shule na anasoma insha yake kwenye kompyuta. Anafika aya ya tatu, anasimama.

"Huyu baba umeandika hapa, ni yule alikuzaa?"

Msichana huyo, Wayua, anamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Madam, kwani watu huwa na wangapi?"

"Wengine wako na watatu," Selpher anajibu bila kucheka. "Nijibu tu."

Selpher, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, huwasaidia vijana wa Eastlands kuandika insha za kujieleza, zile ambazo vyuo vya ng'ambo hudai kabla ya kumpa mtu nafasi na ufadhili. Alisomea ualimu, akangoja kuajiriwa hadi akachoka. Sasa hutoza shilingi mia tano kwa insha, na wengi huahidi kuleta wiki ijayo. Hamwandikii mtu. Humuuliza maswali mpaka aseme jambo ambalo hakuna mwingine angelisema.

"Wakikuja wote wanaandika umaskini," anasema. "Nyumba inavuja, stima imepotea, tumelala njaa. Nawaambia, mtaa mzima umelala njaa. Wewe je, ulifanya nini?"

Ni ushauri mzuri, na ndio uliomponza Jacklyne Wafula.

Jacklyne alikuja mwaka jana kutoka Mowlem, na insha yake ilimhusu baba. Jioni nyingi baba huyo, fundi wa majiko, alirudi na robo ya nyama iliyofungwa kwa gazeti. Kabla nyama haijaingia sufuriani, mtoto alipaswa kulisoma lile gazeti kwa sauti, na pale lilipochanika aimalizie habari kwa akili yake. Akiwa kidato cha pili, baba aliugua mapafu akafa. Jacklyne aliandika kwamba hiyo ndiyo habari ya kwanza aliyoshindwa kuimalizia. Mwandishi wa makala haya ameisoma insha hiyo, na haoni haya kusema kwamba alilia.

Chuo kimoja cha Marekani kikamkubali, karo na nauli juu ya chuo. Kanisani akaombewa. Babake, Mzee Nahashon Wafula, kibarua wa kiwanda cha sabuni, akanunulia ploti nzima soda.

Ndiyo, babake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Fundi wa majiko alikuwa Mulama, kakake Nahashon. Nahashon alipofutwa kazi, ndugu yake alimchukua mtoto akiwa mdogo, akamlea kwake Ziwani hadi alipokufa, ndipo akarudi Mowlem kwa Nahashon. Kwa Wabukusu, ndugu ya baba ni baba, basi. Hakuna aliyedanganya. Jacklyne alisema "baba". Selpher, ambaye pia ni Mbukusu, akasikia "baba" na hakuona cha kuuliza. Insha ikasema baba amekufa, na fomu ya mapato ya mzazi ikatiwa sahihi na baba aliye hai.

"Singemuuliza baba yupi," Selpher anasema. "Kwetu kumuuliza mtoto kama huyo ndiye alimzaa ni matusi. Ni kama unamwambia hana kwao."

Chuo kiliona uongo. Kiliandika kutaka kujua marehemu alitiaje sahihi. Selpher akaeleza kwa ukurasa mzima, chifu akathibitisha, mchungaji naye akathibitisha. Jibu lilikuja kwa barua pepe fupi, lenye adabu tele, likisema nafasi imeondolewa na kumtakia Jacklyne kila la heri. Heri wangemtukana.

Siku hizi Jacklyne anapanga sabuni kwenye katoni katika kiwanda kile kile cha babake. Viganja vyake vimebabuka. Alikaa miezi bila kumsalimia Selpher.

"Nilimkasirikia, sitadanganya," anasema. "Lakini hata mimi nilisoma hiyo kitu mara mob, na sikuona shida. Ningeiona aje? Huyo alikuwa baba."

Selpher anataka ajaribu tena, chuo kingine. Makataa ni mwezi ujao. Dawa yenyewe, anasema, ni ndogo tu: kila penye "baba" aliyekufa pawekwe "anko". Jacklyne amekataa katakata.

"Anko ni ndugu ya mama," anasema. "Nikimwita Baba Mulama anko, nimemtoa kwa boma. Na hayuko ajitetee."

Wamejaribu "mlezi", wamejaribu "ndugu ya baba". Selpher anaandika, Jacklyne anafuta.

"Namuelewa, na hiyo ndiyo shida yangu," Selpher anasema. "Mimi niko na baba watatu, wawili marehemu, na sijawahi kuwaita anko hata siku moja. Lakini sitaki azeekee kwa hiyo sabuni. Huyu msichana ana kichwa."

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mzee Nahashon alipanda ngazi za saiba mwenyewe akiwa na koti lake la kanisani. Alikataa kiti. Alisema amewaza jambo hili akiwa kazini, akaona lina njia.

"Mulama ndiye alilea huyu mtoto," alimwambia Selpher. "Mimi nilikuwa nazunguka Industrial Area natafuta kibarua. Kama hao watu wanataka baba mmoja, wachukue yule. Insha iseme baba amekufa, na fomu iseme hivyo hivyo. Mimi niandike nimekufa."

Selpher alimwambia kwa upole kwamba huo sasa ndio ungekuwa uongo wenyewe. Na hata wakiuandika, chuo kitadai cheti cha kifo.

Mzee akakunja kofia yake mikononi. Kisha akauliza cheti hicho hutolewa ofisi gani, na kama mtu anaweza kwenda kujichukulia mwenyewe.