Saa Niliyomficha Mama Mkwe

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka mpaka nisahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, wakati ule wa baridi yetu ya Kibosho, ukungu unapokaa juu ya migomba mpaka watu wanywe chai mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa mwepesi wa miguu na mwepesi wa kujiona najua.

Mimi si mzaliwa wa huku juu. Nimeolewa nikitokea Chekereni, kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Kwetu hatukufuga. Nilijua kupandikiza mpunga, kufukuza ndege na kupepeta, lakini mbuzi nilimjua akiwa kwenye sufuria. Wifi zangu waliligundua hilo wiki ya kwanza tu. Nikirudi na mzigo wa majani wanauchambua, wananionyesha lile ambalo mbuzi hali, kisha wanacheka. Wakanipa jina: mtu wa mpunga. Hawakuwa na nia mbaya, na leo hii ndio ndugu zangu wa karibu kuliko hata wa kuzaliwa nao. Lakini wakati ule, mwanangu, lile jina lilikuwa linanikosesha usingizi.

Mume wangu, Deo, alikuwa fundi mwashi mjini Moshi. Alipanda nyumbani Jumamosi jioni na kushuka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa mimi na mama yake. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo na mikono myembamba kama ya msichana. Mikono hiyo ilikuwa na sifa kijiji kizima. Ng'ombe akishindwa kuzaa, mbuzi akishindwa kuzaa, watu walikuja kumwita yeye.

Aliponipokea alinipa mbuzi jike mchanga, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Nikamwita Kidoti. Mama akaniambia, "Huyu ni wako. Maziwa yake yako, watoto wake wako, mbolea yake yako." Kidoti alipopata mimba yake ya kwanza, mama akaongeza neno moja. "Siku akianza uchungu, nifuate popote nilipo. Usimguse kabla sijafika."

Nikaitikia. Nilimpenda yule mbuzi, sitakudanganya. Nilimkatia mgomba vipande vidogo vidogo kana kwamba hana meno, na jioni nilikuwa namkuna shingoni huku nikimweleza habari za nyumbani kwetu.

Basi asubuhi ile mama alikwenda kwenye sala ya jumuiya, kwa jirani, kihamba cha tatu kutoka kwetu, maana huku shamba la nyumbani ndilo tunaloliita kihamba. Mimi nikaingia bandani. Redio ya jirani ilikuwa ndiyo inaanza taarifa ya habari ya saa moja. Nikamkuta Kidoti anazunguka, anaparua chini, na mara maji yakamwagika. Chupa imepasuka. Kumfuata mama kungenichukua dakika tano, na njia yote ni mteremko.

Sikwenda. Nilisimama pale nikawaza jinsi watakavyorudi kutoka kwenye sala, mama na wifi zangu wote, wamkute mtoto wa mbuzi ameshasimama ananyonya, na mimi nanawa mikono kama mtu aliyezoea. Nilijiona kabisa nikiwaambia, "Ah, nimemaliza zamani." Wazo lile lilinipendeza kupita kiasi.

Nikangoja. Kidoti akasukuma, akapumzika, akasukuma. Baada ya muda ikatokeza kwato moja. Leo hata mjukuu wangu wa darasa la pili anajua kwamba zinatakiwa kwato mbili, na pua imelala juu yake. Mimi sikujua. Niliona kwato moja nikadhani hapo ndipo pa kushikia. Nikaishika kwa mkono uleule niliokatia majani, wenye udongo na kucha ndefu, nikavuta. Kidoti alilia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikavuta tena. Ikatoka damu kidogo, kwato ikaniponyoka ikarudi ndani.

Hapo nikaingiwa na hofu. Ungedhani nitakimbia kumwita mama. Wapi! Nilichukua majani makavu ya mgomba nikamfuta Kidoti mpaka akawa safi, nikayafukia majani yale kwenye samadi, nikanawa, nikabadilisha kanga. Halafu nikakaa.

Mama alirudi peke yake yapata saa tatu, wifi zangu wamebaki kunywa chai. Akachungulia bandani.

"Eh! Ameanza? Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama. Chupa imepasuka sasa hivi tu."

"Kuna kitu kimetokeza?"

"Hapana."

"Umemgusa?"

"Sijamgusa, mama."

Uongo mara tatu, mwanangu, na hata mate sijameza. Kwa kawaida sikuwa mwongo. Niliona aibu tu, na nikajipa moyo kwamba Kidoti atazaa muda si mrefu na mambo yataishia hapo.

Mama akavuta kigoda, akakaa na kuanza kumenya ndizi. "Basi tumwache," akasema. "Uzao wa kwanza huenda polepole. Ukimwingilia bila sababu unamuumiza. Angekuwa ameanza zamani ningeshatia mkono, lakini kama ni sasa hivi, tumpe nafasi yake."

Nilimsikia vizuri sana. Maneno yenyewe ndiyo hayo, sijayaongeza wala kuyapunguza. Nikachukua kisu cha pili, nikamenya ndizi pamoja naye.

Sijawahi kumenya ndizi ndefu namna ile. Kidoti alikuwa anasimama na kulala, anasimama na kulala, kisha akalala tu. Akaanza kusaga meno. Misukumo ikapungua nguvu, ikawa inakuja kwa kuchelewa. Mama akawa anamtazama na kukunja uso. "Ajabu," akasema. "Kwa muda mfupi hivi asingechoka namna hii." Mimi macho kwenye ndizi. Nilitaka kusema, na kila nilipofungua mdomo niliona sasa nimechelewa zaidi, kwa hiyo itaonekana vibaya zaidi. Ndivyo nilivyopoteza saa nzima na zaidi.

Ilipokaribia saa tano Kidoti aliweka kichwa chini. Nikamwita, hakuinua hata sikio. Niliinuka nikakimbia mpaka mpakani mwa kihamba, nikachuma jani la isale. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba huku mlimani mtu akikujia na jani hilo kuomba msamaha, humkatalii, hata angekuwa amekukosea nini. Nikarudi nikapiga magoti mbele ya mama, nikalitoa kwa mikono miwili.

"Mama, naomba unisamehe."

Mama alilitazama jani, akanitazama mimi, akamtazama Kidoti. Hakulipokea.

"Liweke chini hilo," akasema. "Nitakusamehe, siku za kusameheana tunazo nyingi. Sasa hivi nataka saa. Chupa ilipasuka saa ngapi?"

"Saa moja, mama."

"Nini kilitokeza?"

"Kwato moja."

"Ukafanya nini?"

"Niliivuta. Mara mbili. Ikarudi ndani."

Hakunigombeza. Alikuwa ameshasimama. Maji ya moto, sabuni, wembe, mafuta ya kupikia, vyote aliviagiza kwa sauti ileile ndogo. Akakata kucha zake mpaka kwenye nyama, akanawa mpaka viwikoni, akajipaka mafuta. "Mshike kichwa," akaniambia. "Ongea naye. Wewe anakujua."

Nikakipakata kichwa cha Kidoti. Niliongea naye maneno ambayo sikumbuki hata moja. Mama alitia mkono, akafumba macho, akawa anatafuta kwa vidole na kuniambia anachokikuta. Mguu mmoja uko mbele, ule niliouvuta. Mwingine umekunjwa chini ya kifua. Kichwa kimegeuka kimelalia ubavuni. Nilipovuta, mwili ulikuja na kichwa kikabaki nyuma. Ilibidi kwanza amrudishe mtoto ndani, kidogo kidogo, kila Kidoti alipoacha kusukuma, mpaka apate nafasi ya kukigeuza kichwa. Baridi ile yote, na jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni.

Mwishowe zikaja kwato mbili, na pua juu yake. "Sasa tuvute wote, akisukuma tu, kuelekea chini," akasema. Tukavuta. Mtoto akatoka.

Alikuwa jike, mweusi, na doa lilelile la mama yake. Mama akamsafisha mdomo, akamchokonoa pua kwa unyasi, akamsugua kwa majani makavu, akamshika miguu ya nyuma akambembeza. Tukangoja. Alikuwa bado wa moto kabisa, lakini hakupumua. Mama akamlaza chini taratibu.

Kidoti, ambaye tulidhani naye anakwenda, aligeuza shingo akaanza kumlamba. Alimlamba masikio, akamlamba macho, akawa anamwita kwa kile kisauti cha chini ambacho mbuzi hukitoa kwa mtoto wake tu. Nililia, mwanangu. Nililia kuliko nilivyolia siku naondoka kwetu.

Kidoti alipona. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe kabla ya jua kuzama, na mama akamnywesha uji wa vuguvugu wenye chumvi. Lakini kabla ya hayo yote mama alinawa mikono yake, akakaa tena kwenye kigoda, na ndipo nikayapata yangu.

"Ule mguu uliouvuta ningeurekebisha," akasema. "Nimeshakuta miguu iliyovutwa na watu wazima wenye ndevu. Huyu mtoto alikuwa hai nilipofika saa tatu, naamini hivyo. Saa mbili ulizonificha ndizo zilizomuua. Nikitia mkono mle ndani mimi sioni kitu, mwanangu. Naona kwa kile ulichoniambia wewe."

Kisha akanitazama tumbo, maana nami nilikuwa mjamzito wa miezi mitano.

"Na siku yako inakuja. Nesi atakuuliza maswali hayahaya. Utamjibu nini?"

Mama aliinama akaliokota lile jani la isale, akalipachika kwenye pindo la kanga yake, akaenda kuinjika ndizi. Wifi zangu walipokuja kuuliza, aliwaambia mtoto alikaa vibaya. Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika.

Basi siku yangu ikaja kweli, mwezi wa kumi na moja, msimu wa kahawa. Maji yalianza kunivuja mchana nikiwa nachuma, nikayapuuza nimalizie mistari yangu, nikaja kufika zahanati kesho yake asubuhi. Nesi akaniuliza, "Tangu lini?" Ulimi wangu, huu huu unaouona, ulikuwa umeshaandaa jibu: leo alfajiri. Nikakisikia kile kisauti cha Kidoti. Nikasema, "Tangu jana mchana."

Nilichambwa, we acha tu! Benchi zima lilisikia. Aliniuliza kama kahawa ndiyo itakayoniita mama. Nikalia mbele za watu. Lakini huku ananisema, mikono yake ilikuwa inaandika, na dakika hiyohiyo wakanitafutia gari la kunishusha hospitali mjini. Mtoto yule leo ni mama wa watoto wanne, na ana sauti kubwa kuliko ya nesi.

Juzi hapa nimemsikia kijana wa jirani anampigia simu bwana mifugo. "Ng'ombe ameanza sasa hivi, daktari." Sasa hivi gani, na mimi namsikia yule ng'ombe akikoroma tangu nafagia uwanja? Nikapaza sauti kutoka huku, "Mwambie saa!" Alinikasirikia, lakini aliitaja.

Kwa hiyo hili ndilo nililokuitia, mwanangu. Ukikosea, na utakosea, usimfanye anayekuja kukusaidia afanye kazi gizani. Mwambie ilianza lini. Mwambie ulichofanya kwa mikono yako, ulichompa mgonjwa, ulichokificha chini ya samadi. Mtoto wako akiwa na homa ya siku nne, usimwambie daktari ni ya jana kwa kuogopa kusemwa. Ndoa yako ikiyumba, ukaenda kwa wazee, usiwaeleze mambo ya mwenzako tu ukaacha ya kwako. Na wala usikimbilie kuomba msamaha kabla hujasema ulichofanya. Nilifanya hivyo mimi, nikapiga magoti na jani mkononi wakati mbuzi anakufa, kwa sababu kuomba msamaha kulikuwa rahisi kuliko kusema saa moja. Msamaha utaupata baadaye. Watakugombeza, ndiyo, na pengine watakugombeza mbele za watu. Jioni utakula na utalala.

Mungu akupe mtu wa kumwita siku ya shida, na mtu huyo asiwe mbali. Akujalie moyo wa kumwambia yote kabla hajamaliza kunawa mikono. Mifugo yako izae salama, na nyumba yako izae salama. Na siku utakapoulizwa ni tangu saa ngapi, Mungu akusaidie uitaje saa yenyewe.