Taa Iliyowashwa Kilibula Nisipokuwepo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa taa. Shefu wa atelie, yaani karakana ya taa, mtu mfupi wa Buyenzi aliyevaa koti hata jua likiwaka vipi, alinipa kigoda, akanionyesha pipa la mafuta, akaniambia nikae pale nichunge watu wasivute sigara karibu. Nilikaa kutwa nzima. Jioni akaja, akaninusa begani, akasema sasa nimeanza kunuka kama fundi, nirudi kesho. Nilirudi, na harufu ile sijaiacha mpaka leo.

Tulikuwa Usumbura, mtaa wa Buyenzi, upande wa pili wa ziwa ukitazama kutoka hapa Uvira, nami nilikuwa kijana wa Sange, kule bondeni, niliyechoka kuinama katika mpunga wa baba. Kazi yetu ilikuwa karabai, zile taa za kupampu ambazo wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, hutundika kwenye mitumbwi ili samaki wafuate mwanga. Karabai ina tangi la mafuta, ina pampu yenye kipande cha ngozi ndani, na ina jikleri, yaani kitundu chembamba ambamo mafuta hupita yakiwa mvuke. Ngozi ikikauka, taa haina pumzi. Jikleri ikiziba, taa inatema moto. Hayo mtu mwenye akili zake anayajua upesi. Kinachomzeesha fundi ni soksi.

Soksi ni kifuko cha kitambaa chepesi. Unakikunja kwa mikunjo iliyo sawa, unakifunga kwa uzi wake usioungua, kisha unakichoma. Kitambaa chote kinakuwa jivu, na jivu hilo ndilo linalotoa mwanga ule mweupe. Linasimama lenyewe, lina umbo zuri, lakini ni jivu tu: ukilitikisa, limekwisha. Ndiyo maana hatukukosa kazi, kwa kuwa ziwa halikosi mawimbi. Mwezi ulipokuwa mkubwa wavuvi walikaa nyumbani, maana ndagala hawaijali taa wakati huo, na taa zote za pwani zikaja atelie kwa pamoja. Wiki hiyo tulikula tumesimama.

Shefu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mkia wa uzi ukatwe karibu na fundo, kwa sababu mkia mrefu ni alama ya uvivu. Ya pili, taa mpya, soksi yake ya kwanza aichome mwenye taa kwa mkono wake, sisi tukitazama. Ikipasuka, amepasua yeye, asituletee maneno. Wavuvi waliipenda sheria hiyo ya pili wakaifanya desturi yao, hata ikawa hakuna aliyekubali kupeleka majini taa iliyochomwa na mtu mwingine.

Nilioa palepale Buyenzi. Veneranda alikuwa mtoto wa watu wa Gitega, akishona nguo kwenye baraza la dada yake Spesioza. Aliongea kidogo, na jambo akishalisema halirudii. Zawadi yangu ya ndoa ilikuwa karabai niliyoiunga kutokana na taa tatu zilizokufa. Nilimfundisha kufunga soksi kwenye taa mbovu za atelie, akajua haraka kuliko nilivyojua mimi, ila mkia wa uzi aligoma kuukata. Aliuliza, ukiukata mfupi hivyo, siku ya kuufungua utashika wapi? Nikamwambia shefu amesema. Akasema basi shefu aje afunge mwenyewe.

Taa yake hatukuiwasha. Chumba chetu kilikuwa kidogo, karabai ingetupika hai. Ilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, soksi yake ya kwanza ikiwa bado kwenye karatasi, na kodi ya chumba ikapanda kila mara mwenye nyumba alipoamka vibaya. Mshahara ulikuwa unapita mikononi mwetu kama mgeni.

Ndipo patroni, yule mwenye mali, akafungua tawi la atelie Uvira. Shefu alituuliza nani atakwenda. Wenzangu walitazama viatu vyao. Kwao Uvira ilikuwa mji wa kupita, hauna sinema, hauna kitu. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba kule Kilibula, mtaa mmoja wa Uvira, mtu wa mshahara kama wangu anaweza kupata kiwanja akajenga. Nikanyoosha mkono. Nilidhani Veneranda atafurahi, naye alifurahi, lakini kwa masharti yake.

"Nimeishi katika chumba, sitahamia chumba kingine," alisema. "Nenda ujenge. Nyumba ikiwa na mlango, na dirisha kubwa la kutazama ziwa, nitakuja. Na taa yangu nenda nayo, lakini usiniwashie. Soksi nitaichoma mwenyewe."

Niliona ni jambo dogo. Wakati huo Usumbura na Uvira zilikuwa za serikali moja ya Wazungu, na mtu aliweza kwenda asubuhi kwa baiskeli na kurudi jioni bila kuulizwa jina lake. Nikafunga sanduku nyuma ya baiskeli, nikaondoka.

Mwanzo wa Uvira ulikuwa upweke ambao sikuutegemea. Mimi ni mtoto wa bonde, lakini watu wa mji walikisikia Kirundi katika maneno yangu wakaniita mtu wa Usumbura. Atelie ilikuwa chumba kimoja karibu na ufuo. Shefu sasa nilikuwa mimi, na fundi mimi, na mlinzi wa pipa mimi. Wavuvi walileta taa, wakasema lililoharibika, wakaenda zao. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, na mara nyingine nilijikuta naongea na sufuria. Nilikwenda kwa Veneranda kila nilipopata nafasi, nikarudi nikiwa mpweke kuliko nilivyokwenda.

Nikajenga polepole kwa matofali ya udongo. Uhuru ulipokuja tulicheza barabarani kama wote. Hatukujua kwamba sherehe ile inaleta na mti wa kufunga njia. Kongo, upande wetu, ilipata uhuru wake, Burundi, upande wa Usumbura, ikapata wake baadaye, na pale Kavimvira mpakani pakawa na duane, yaani forodha, na askari, na lesepase, karatasi ya kupitia ya kugongwa muhuri. Mabati yakapotea madukani. Nyumba yangu ilisimama muda mrefu bila kichwa, na nilipokwenda Buyenzi Veneranda aliniuliza tu, "Dirisha limekaa?" Nikajibu limekaa. "Na mlango?" Mlango bado.

Jirani yangu Kilibula alikuwa Mama Faida, mjane aliyekausha ndagala. Alinicheka sana. Fundi wa karabai kukaa na koroboi, ile taa ya kopo yenye moshi, na karabai nzima imetundikwa dirishani haina kazi! Nilimweleza kwamba taa ina mwenyewe. Akaniuliza huyo mwenyewe anaumwa miguu?

Hatimaye mabati yalipatikana. Nikaweka mlango, nikampelekea Veneranda habari, akajibu kwamba atamaliza nguo za watu alizoshika kisha atakuja. Nilipaka chokaa ndani. Nilinunua viti viwili, nikavipanga, nikavipangua, nikavipanga tena. Kabla hajamaliza nguo zile, waasi waliingia Uvira. Patroni alifunga atelie ya Usumbura akaenda kwao. Daraja la mpakani lilifungwa.

Siku chache baadaye komanda wa waasi alikuja atelie na vijana wake wenye majani kichwani. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Weye fundi ya taa?" aliuliza.

"Ni minye, Komanda."

"Utapanda na sisi mu milima. Vidonda haviangaliwi mu giza."

Sikupewa nafasi ya kwenda popote ila kupitia nyumbani kuchukua blanketi. Ufunguo nilimwachia Mama Faida, nikamwambia bibi yangu Veneranda akija, ndiye mwenye nyumba.

Kule milimani nilitunza taa za hospitali yao ya nyasi. Sitasimulia mengi. Kwa njia zile za mawe hakuna soksi iliyofika salama, na soksi zilipokwisha nilikata vitambaa vya bandeji, nikafunga, nikachoma, vikawaka kwa moshi na kufa. Watu waliteseka nikiwashikia koroboi. Kutoka juu, siku isiyo na ukungu, niliona ziwa lote na Usumbura yote ng'ambo. Nilitazama mpaka macho yakauma. Kutoroka hakukuwezekana, kwa kuwa chini jeshi lilimpiga kila aliyeshuka, na juu komanda alimpiga kila aliyejaribu.

Nilishuka mvua za mwaka wa pili zilipokwisha, komanda akiwa ameshakufa na vijana wake wametawanyika. Askari walinihoji, wakaniona mikono ya mafuta, wakaniacha. Nikaenda Kilibula moja kwa moja. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikachungulia dirishani kabla ya kuomba ufunguo.

Karabai ilikuwa palepale nilipoitundika, lakini soksi ilikuwa imefungwa na kuchomwa. Ilisimama nyeupe, nzima, mikunjo yake sawa kabisa. Chini ya fundo uzi ulining'inia na mkia mrefu. Hakuna fundi wa Uvira aliyefunga hivyo. Na kwa kuwa jivu lilikuwa halijavunjika, nilijua pia kwamba tangu mkono ule uiwashe, hakuna mtu aliyeigusa.

Nilianza kucheka peke yangu pale nje. Niliamini yuko sokoni.

Mama Faida alitoka, akaniona, akakaa chini kwenye vumbi.

"Bibi yako alikuja," alisema. "Askari walipokamata mji, wakafungua njia, alikuja na cherehani yake. Alilala mu hii nyumba miezi. Kila siku aliuliza weye. Walisema wote waliopanda na komanda wamekwisha. Basi, alifanya matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya kwako, baba. Sisi wote wa hii njia tulikaa naye. Alichoma soksi, akasema taa iwake mpaka mafuta yaishe yenyewe."

Kisha, alisema, ilitoka amri kwamba wageni wasio na karatasi warudi kwao. Mke wangu alikuwa mgeni katika nyumba yangu. Alifunga mlango, akarudisha ufunguo, akaondoka na cherehani yake kichwani.

Kupata lesepase kulinichelewesha sana. Nilipofika Buyenzi, Spesioza alikuwa kwenye baraza lake lile lile. Aliponitambua alishika ukuta. Aliniletea maji, akangoja ninywe, ndipo akanieleza kwamba Veneranda alivua nguo za msiba mwaka uliopita, akaolewa kwao Gitega na fundi mwashi aliyefiwa na mke, na sasa ana mimba.

"Alisema dirisha ulilikata vizuri," Spesioza aliniambia. "Nimwambie uko hai?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Usimwambie," nilisema. "Ameshanilia. Asije akalia tena."

Nilirudi Uvira jioni ile. Atelie niliifungua upya kwa jina langu, nikafanya kazi mpaka wavuvi walipoanza kununua taa za betri, ambazo zikifa hutupwa. Hapo nikajua nimestaafu, ingawa hakuna aliyeniandikia. Sikuoa tena. Watu walinitafutia, nikakataa, na sababu sikumweleza mtu.

Siku hizi vijana wanashuka kutoka Bukavu kuja hapa kwetu kwa sababu kodi ya kule imewashinda. Wananikuta barazani, wananiuliza kama Uvira ni mji wa kuishi. Nawaambia ni mji mzuri, chakula ni rahisi, kiwanja bado unaweza kupata. Wengi wanasema wao watatangulia, familia itafuata mambo yakikaa sawa. Hapo nakuwa mkali, wananiona mzee mwenye hasira za bure. Hameni wote siku moja, nawaambia, hata kama ni chumba, hata kama hakina mlango.

Soksi ya Veneranda ilipita matetemeko ya ardhi, na malori, na vita vingine vilivyokuja baadaye. Ilianguka siku fundi wa umeme alipopigilia msumari wa kwanza ukutani. Aliomba radhi, nikamwambia si kitu, aendelee na kazi yake. Jivu nililifuta kwa kitambaa. Uzi umebaki kwenye taa, na mkia wake mrefu. Shefu wa atelie angenifokea, lakini sijaukata.